Hapa ni Jikoni

Saa tatu usiku, Katindo. Umeme umerudi
na jirani zangu wote wanapiga pasi.
Nina dakika arobaini, tukibahatika hamsini,
za kuieleza kompyuta tanki la maji.

Tanki ni la Mama Kyakimwa, jeusi, lita elfu mbili,
liko juu ya paa ambako magoti yake hayafiki tena.
Anauza maji kwa bidoni. Anataka kujua,
akiwa amekaa chini na sufuria yake ya maharagwe,
maji yamebaki mpaka wapi.
Nimemwahidi vipande viwili vya shaba, virefu,
vya kubandika nje ya plastiki, visiyaguse maji
na bado viyasikie.

Shaba mbili na kilicho katikati yao:
hesabu yote ni hiyo. Lakini lazima useme kilicho katikati.
Faili langu halina picha, ni maneno na namba tu.
C ni shaba. D ni mahali kitu kinapoishia kingine kikaanza:
plastiki na hewa, plastiki na maji, maji na hewa.
Hewa, moja.
Plastiki, mbili na robo.
Maji, themanini. Themanini!
Ukiyaona yametulia ndani ya ndoo huwezi kuyadhania.

(Ziwa letu nalo, wanasema, ni tabaka juu ya tabaka,
na gesi imelala huko chini kabisa.
Faili la ziwa sitaligusa. Waandike wenye usiku mrefu.)

Siku mbili kompyuta imenijibu kinyume.
Tanki likijaa, inasema limekauka.
Likikauka, inasema limejaa.
Haikulalamika hata mara moja. Ilijibu kwa adabu,
kama mtu anayesema «salama»
na nyuma yake nyumba inaungua.

Leo kosa nimeliona. Mpaka nilikuwa nimeuchora,
kila pembetatu mahali pake,
ila sikusema upande upi ni upi.
Uso mwembamba hivi haujui ndani wala nje.
Unataka nukta moja, namba tatu mwishoni mwa mstari,
mtu wa kusimama mahali aseme:
huku niliko, ni maji.
Mimi nilikuwa nimejaza sifuri, sifuri, sifuri,
na sifuri iliangukia uani.
Basi kompyuta ikatii: ikamwaga maji nje,
mji mzima ukawa ziwa,
na tanki la Mama Kyakimwa likabeba hewa.

Nilikuwa na miaka saba mlima ulipoteremka.
Parseli yetu ilikuwa Virunga, na baada ya wiki kadhaa
tulirudi juu yake, ndara zetu zikinata.
Bwana wa vipimo alikuja na utepe wa mita.
Kona zote nne zilikuwa chini ya jiwe jipya,
jeusi kushoto, jeusi kulia,
hakuna aliyejua anakanyaga kwake au kwa jirani.
Mama alihesabu hatua kutoka ncha ya ukuta wa Paluku,
akakosea, akarudi, akahesabu tena.
Kisha akasimama. Akakaza kikwembe.
— Hapa ni jikoni.
— Mama, alama iko wapi?
— Andika. Alama ni mimi.

Yule bwana alimtazama kidogo, akaandika.
Utepe ukaanzia kwenye miguu yake.

Taa imefifia, imerudi. Betri asilimia kumi na moja.
Nimefuta sifuri zangu tatu,
nimeweka nukta katikati ya maji, mbali na ukuta,
mahali ambapo hata mjinga hawezi kuuliza.
Feni inapiga kelele, namba hazijatoka bado.

Juu ya mstari ule nimeongeza mwingine.
Unaanza na nyota, na mstari wa nyota
kompyuta inauruka, haiusomi, hauna uzito kwake.
Nimeandika humo, taratibu, kwa kidole kimoja:
hapa ni jikoni.