Kitunguu cha Matryona

Kila asubuhi Matryona huweka kitunguu sakafuni,
katikati ya jiko, akakiachia.
Mwaka juzi kilitulia kama mtoto aliyeshiba.
Mwaka jana kilijikokota hadi mguu wa meza.
Leo kimebiringika moja kwa moja hadi ukutani,
kikagonga, kikarudi kidogo, kikanyamaza.

"Nyumba inainama kutuamkia," asema Prokopi, mumewe,
akipigilia kabari ya tatu chini ya mlango.

Hapa ardhi ilikuwa barafu tangu enzi na enzi.
Sururu ilidunda. Makaburi yalichimbwa kwa moto,
siku tatu za kuni kwa maiti mmoja.
Chini ya ua, babu zao walichonga ghala:
nyama ya farasi, samaki, ndoo za matunda ya porini,
kiangazi kizima bila umeme, bila kuoza.

Julai hii Prokopi alishuka na taa,
akapanda bila neno, buti zimejaa maji.
Harufu ilimfuata hadi mezani.

Mjini wanakopesha friji.
Friji! Huku Siberia,
ambako utani wa kijiji ulikuwa
kumuuzia dubu theluji.

Binti yao apiga simu kutoka Yakutsk:
hamieni kwangu, ghorofa ya nne, kuna nafasi.
Matryona atazama malisho yaliyobonyea vidimbwi,
farasi wakipima kila hatua kwa kwato.
"Ghorofa yako," auliza, "imesimama juu ya nini?"

Simu haijakatika. Ni kimya tu.

Ainama, aokota kitunguu,
akimenya kwa ajili ya supu.
Angalau leo machozi yana kisingizio.