Mche wa 447

Saa kumi jioni nasukuma vigari vya reli,
kila kimoja na miwa yake ndooni,
naviingiza banda la giza, nafunga mlango.
Nje jua la Luiziana bado linachoma bati.
Ndani, miwa inaambiwa kumekuchwa.

Kila siku tunaiba dakika moja,
moja tu, kama mke anayepunguza chumvi
mumewe asijue,
hadi mua uamini uko mbali kusini,
pasipo jalidi,
utoe shada.
Hapa kwetu haungechanua wenyewe.
Baridi huwahi.

Bwana Robichaux ana daftari la ndoa:
nani dume, nani jike, nani ana kutu katika ukoo.
Mimi, Ozelia Batiste, ndiye mshenga.
Alfajiri, kabla ya kahawa, nalipigapiga shada la dume
na chavua inashuka kama unga chekecheni.
Mwaka ule bwana harusi alitoka porini,
mwembamba kama ufito, mchungu,
mzaliwa wa mlima ambako jalidi humkuta amelala
na kumwacha amelala.
Nilicheka. Nani humwoza bintiye kwa nyasi?

Mbegu zao: shika kiganja kimoja,
piga chafya,
umepoteza kijiji.

Babu yangu Placide alikata miwa kwa kisu
na kisu kikamkata vidole viwili.
Babu yake yeye alikata miwa ya mtu
aliyemwandika ukurasa mmoja na baghala.
Hakuna aliyewauliza wangependa mua wa namna gani.
Mimi naulizwa. Kila Septemba napita mistarini
na kopo la rangi nyekundu: huyu abaki.
Asiye na alama, jembe.
Siupendi wepesi wa mkono wangu.

Siku hizi maabara hutoboa jani,
kitundu cha ukubwa wa dengu,
na Kim-Ly, binti wa muuza kamba wa barabara ya pili,
husoma vinasaba kwenye skrini.
Akaniambia 447 anacho kile tunachotafuta,
kipande kidogo cha baba yake wa porini.
Nikamwambia, mbona shina kama kalamu, sukari haba?
Akasema: tumwoze kwa mtamu. Mtoto wake, tena. Mjukuu, tena.
Miaka kumi na miwili, Bi Ozelia.

Nina miaka sitini na mmoja.

Husemwa tamu ya mua kifundo.
Nimekata vifundo maisha yangu yote;
fundoni nimekuta jicho tu, gumu, limefumba,
na ndilo tunalolipanda.

Januari jalidi ikaja usiku, bila upepo.
Asubuhi shamba zima la rangi ya chai,
harufu ya kitu kinachoanza kuchacha.
Nilivaa buti za marehemu mume wangu
nikaenda hadi mstari wa mwisho.

447 alikuwa na jani moja la kijani.
Si jani la kujivunia. Limepinda, ncha imeungua.
Sikumwita mtu.
Nilichuchumaa, nikalishika kwa vidole viwili,
vilevile ambavyo babu hakuwa navyo.

Kisha nikafungua kopo.
Rangi ilikuwa imeganda.
Nikaanza kuipuliza.