Kangomba Apanda Mizani

Mimi ni karani wa mizani, chama cha msingi, Mahuta.
Miaka kumi na mmoja nasoma namba kwa sauti,
mkulima kakodoa, wenzake nyuma yake wananong'ona:
themanini na moja, toa moja ya gunia tupu,
andika themanini.
Sijawahi kuitwa mwizi mbele ya uso wangu.

Paka nilimpata kwa bakuli la korosho ghafi
nyuma ya ghala, bila kupima, bila stakabadhi,
ndiyo maana anaitwa Kangomba.
Rangi yake bibo lililoiva.
Somoe, binti yangu, alimfunua mdomo
kama dalali wa mbuzi, akasema: miezi mitatu.

Jioni moja, msimu umefungwa,
nikamweka juu ya mizani ya magunia.
Akatembea. Namba zikatembea naye.
Mzigo unaojilamba mkia haupimiki.
Nikapanda naye kifuani, nikashuka,
nikapanda peke yangu, nikatoa.
Kilo moja na pointi mbili.

"Kashiba huyo," akasema Mama Likwata wa jirani,
"tumbo kama ngoma!"
Lakini karani analijua gunia lililotiwa mchanga chini.
Tumbo ngoma, na mgongo
vifundo vitupu, kama kamba ya katani.

Bwana mifugo, Faraji Nantepa, hata mizani hakuiuliza.
"Kunja ngumi," akaniambia. "Papasa vifundo vyako.
Mbavu zikiwa hivi, ni njaa, au minyoo.
Sasa nyoosha mkono, pitisha kidole juu yake, mgongoni:
mifupa unaisikia ila haikuchomi. Hapo ndipo.
Geuza kiganja, bonyeza chini ya gumba.
Ukikuta hivi, mama, unafuga mto."
Akatoa dawa ya minyoo kwa kipimo cha mtoto,
na sisi watatu tukatoka na mikwaruzo.

Ukurasa wa nyuma wa daftari nikachora safu:
sisi wawili; mimi; yeye.
Mwezi wa nne, moja na pointi nane.
Wa tano, mbili na pointi nne.
Tumbo likarudi mahali pake, manyoya yakang'aa.
Wa sita, tatu na nusu!
Nikamtazama kwa juu: mchi.
Kiuno hakuna.

Nikafanya msako, kama wanavyosakwa wanunuzi wa vichochoroni.
Kwa Mama Likwata, vichwa vya dagaa.
Kwa mwalimu Chilumba, maziwa, tena ya moto.
Kila nyumba iliapa ndiyo iliyomfungulia kinywa siku hiyo.
Sikumnyima. Anayekua hanyimwi,
mifupa yake bado iko kwa fundi.
Tukagawana tu: asubuhi Mama Likwata, jioni mimi,
na mwalimu, kwa shingo upande,
akapewa zamu ya maji.

Mwezi wa nane kiuno kilirudi.
Nikamwita Somoe aje aone hesabu.
Akasoma, kidole kikapotea njia,
kikashuka safu ya katikati.

"Mama. Na huyu?"

Hamsini na nane.
Hamsini na saba.
Hamsini na tano na kitu.
Hamsini na mbili.

Mwaka ule mnada ulituangusha,
na usiku mimi nilikuwa na desturi ya kusema
nimekula kazini.
Safu hiyo ilikuwa ya kutoa tu.
Kila mwezi niliiandika kwa mkono wangu,
sikuisoma kwa sauti hata mara moja.

Somoe hakusema neno.
Nilikuwa naosha sufuria, akanijia kwa nyuma
kama anayenifunga kanga vizuri,
akanyoosha vidole
akavipitisha ubavuni, polepole,
vikikwama, vikiendelea.

Usiku sahani yangu ililetwa imepakuliwa,
na mtu akasimama mlangoni, mikono kifuani,
akisubiri namba.