Mzigo Namba 0417

Siku ya sita, stoo ya stendi, Dodoma:
maboksi yamepandana hadi dirishani,
moja nimeliandika mwenyewe kwa wino mzito
MAMA NDAHANI, MPWAPWA. USIKALIE. MIWANI.

Sisi makuli tumeketi nje, mikono mapajani.
Mia mbili ya mzigo imeshuka, mia na hamsini,
na basi la usiku limefutwa,
tangazo limegandishwa kwa ugali.

Karani kaniita pembeni: "Chilewa,
hili si lako? Lipakie hili tu,
nani atakuona?"

Nililishika. Jepesi kama kifaranga.
Nikalirudisha.

Jioni nikapiga simu nyumbani.
Mama akacheka: "Uwele nachambua kwa vidole.
Wewe, hapo ulipokaa,
nakuona."

Kisha salio likakata.