Alama ya Ndani ya Kola

Dakta Moza alitutuma Mabela na daftari tupu:
"Keti pahali pamoja saa tatu.
Andika unachokiona. Unachokijua kivue mlangoni, pamoja na viatu."
Nikachagua kwa dobi, nyuma ya kituo cha petroli.
Niseme kweli: kwa sababu ya feni.

Hakuniuliza nataka nini.
Alinisogezea kiti cha plastiki
akaendelea kunyoosha kanzu za mtaa mzima.
Nikaandika: mwanamume, hamsini hivi, wa Kerala.
Nikaandika: *mgeni*,
nikalipigia mstari.

Saa ya pili ikafika zamu ya kanzu ya baba;
naijua kwa doa la kahawa.
Ndani ya kola, pale panapogusa shingo,
pana herufi tatu za wino wa buluu,
zimejikunja kama konokono.
Miaka kumi na minne tumezivaa.

"Hii nini?"
"Jina lenu."

Jina letu refu, lina bin tano na Al mwishoni.
Nikamwomba asome.
Akaona haya, akacheka:
"Nyumba ya vitumbua."
(Bibi humpelekea sahani kila Ramadhani.)
Jirani yetu hakimu: *Anayekohoa*.
Mwalimu wa Kimisri: *Hulipa Alhamisi*.
Utafiti ulikwisha fanywa, basi,
na mimi ndiye niliyeandikwa.

Darasani tunasema *raia wa dunia*
kana kwamba dunia ina dirisha la kutolea pasi.
Pasi niliyoiona mimi hutoa mvuke.
Ile nyingine, yenye picha yake,
imo katika droo ya kafili.

Usiku nikamsimulia bibi,
yeye aliyekuwa Mwarabu kule Unguja
na alipopokelewa huku akawa Mswahili.
Alicheka vitumbua mpaka machozi.
Kisha akanyamaza.
"Na yeye sisi tunamwitaje?"
"Dobi."
"Jina, mwanangu."

Nikaifungua daftari, kurasa tisa.
Uzito wa pasi nimeandika. Rangi ya feni nimeandika.

Leo nimerudi, bila kutumwa, kiti kilekile.
Alichukua kalamu yake ya kola
akaandika mwenyewe katika ukurasa wangu, pole pole,
akatamka, nikakosea, akatamka tena:
Sasidharan.
Mstari mzima wa konokono.
Herufi moja naijua tayari.
Imo shingoni kwa baba.