Ukaguzi wa Ghorofa ya Tatu

Miaka tisa Zdenka amekagua chini:
mashine za kukereza, kalibu za breki,
vijana wa zamu ya usiku wanaoficha vikombe vya kahawa
wakisikia viatu vyake.
Leo ngazi. Leo zulia.
Leo anamkagua Oravec, anayeidhinisha likizo zake.

Anafungua jalada la menejimenti.
Malengo yapo. Malalamiko ya wateja yapo, yamepangwa kwa rangi.
Muhtasari wa kikao: tarehe kumi na nne Februari,
saa nne asubuhi, wajumbe saba,
kila mmoja alichangia.

Kumi na nne Februari theluji iliziba barabara ya Žilina.
Basi la wafanyakazi lilikwama darajani.
Alifika yeye, kwa miguu, akamkuta mlinzi,
wakachemsha supu ya kabichi kibandani.
Wajumbe hawakuwepo. Kabichi ilikuwepo.

"Kikao hiki kilikaa wapi, mkurugenzi?"

Saa ya ukutani ndiyo inayojibu.
Oravec anatazama dirisha, anatazama kalamu,
kisha, kwa mara ya kwanza, anaviona vile viatu:
ncha za chuma, vumbi la chuma,
juu ya zulia lake.

"Utaandika kasoro kubwa au ndogo?"
"Nitaandika ilivyokuwa."

Anaandika. Penye neno *ushahidi* mkono unamcheza,
anakata, anaanza upya.
Anamsogezea karatasi.

Oravec anatia sahihi polepole,
halafu kalamu inasita hewani.
Anauliza, kwa sauti ya chini,
leo ni tarehe ngapi.