Siku Moja kwa Dakika Mbili

Saa tisa usiku anga la Uingereza ni tupu,
isipokuwa nukta nne za mizigo karibu na Leicester.
Morag anabonyeza. Kunakucha:
Atlantiki inamwaga nyuzi za buluu,
London inazizungusha, inazizungusha,
kama msusi wa ukili
asiyejua pa kuukatia.

Ndege elfu sita. Bosi atafurahi.

Yeye anarudisha nyuma, tena,
hadi Aberdeen, saa moja na robo asubuhi,
uzi mwembamba wa helikopta
kuelekea mitambo ya mafuta.
Humo yumo Fearghas, na mkate aliomfungia,
na neno alilomtupia mlangoni.

Kwenye skrini anatua baada ya sekunde tano.

Jana, simu yake ilichukua mchana kutwa.